Nyasi Chini ya Gari la Gosbert

Ngi. Ngi. Ngi. Kisha pu. Hivyo ndivyo ilivyolia nyundo ya Fundi Sadiki siku aliyolala chali chini ya jipi la jeshi, bandani kwa Bibi Speransia, vilimani juu ya Rubya, akigonga fremu ya gari kuanzia mbele kurudi nyuma. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni nammulikia tochi. Ngi ni chuma kizima. Kinaitika kama ile ringi ya gari tuliyokuwa tunagongewa shuleni wakati wa kuingia darasani. Pu ni kama umegonga papai. Nikacheka, nikamuuliza, "Fundi, umejigonga goti?"  Akagonga tena palepale, pu, kisha nyundo akailaza kifuani. Leo ninaishi Nyanga, nina kibanda cha chapati kando ya barabara. Kelele ni za mchana kutwa, bodaboda, mashine ya kusaga, redio ya jirani anayependa kwaya, na bado sauti ile moja ndogo hainipotei. Nikiwa nasukuma unga huja yenyewe.

Ilinijia kwa nguvu mwezi uliopita, tulipomzika Bibi. Alizikwa kibanjani kwake, nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Fundi Sadiki alikuja kutoka Bukoba mjini na kanzu yake na kofia, ndevu zimekuwa nyeupe, akakaa nami kwenye benchi la msibani, sahani za ndizi na maharage magotini. "Koku," akaniambia, "mimi nimekula kwa watu wengi, lakini hakuna aliyelijali tumbo langu kama huyu mama." Gosbert, mwanawe wa pekee, hakuweza kufika. Alipiga simu kutoka Afrika Kusini, mtu mmoja akaishikilia hewani juu ya kaburi, sauti imefunguliwa yote, na sote tukasimama tukimsikiliza mwanamume mtu mzima akilia kwa mbali, mtandao ukimkata na kumrudisha. Sikuweza kumchukia. Ndipo nilipoona ni lazima niandike habari za mwaka ule wa jipi, maana tuliobaki tunaoujua wote ni mimi na Fundi, na Fundi si mtu wa kuandika.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na cheti ambacho hakikunipeleka popote. Hata hivyo nilikuwa na furaha tu, sijui ya nini. Nilipelekwa kwa Bibi Speransia nimsaidie kuteka maji na kuanika kahawa, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamechoka, na ingawa hakuwa bibi yangu wa damu, haikuchukua muda nikazoea kumwita hivyo. Nyumba yake ilikuwa na sebule moja yenye kiti kirefu cha mbao, picha ya Bikira Maria iliyopauka upande mmoja kwa jua la dirishani, na sakafuni nyasi. Nyasi ndizo nilizozipenda kuliko vyote. Kwa wazee wa kwetu, nyumba isiyotandikwa nyasi ni kama kitanda kisicho na shuka. Mgeni wa heshima hakanyagi udongo mtupu. Bibi alizikata mwenyewe kwa mundu. Za zamani zilifagiliwa nje, mpya zikalazwa zote zikielekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na kila sikukuu nyumba nzima ilinukia kama shamba baada ya mvua. Chumba tulicholala kilikuwa kimejaa magunia ya kahawa, hata kugeuka kitandani ilikuwa kazi. Nilimuuliza kwa nini kahawa isikae bandani kama kwa watu wengine. "Bandani kuna gari la Gosbert," akasema, kama mtu anayekwambia chumba fulani kina mgeni, usiingie hovyo.

Nikaenda kuliona. Mwanzoni sikuona gari. Niliona kilima cha majani makavu ya migomba, yamepangwa vizuri kama mtu anaezeka, na chini yake nyasi, nyasi juu ya nyasi, hadi zimefika katikati ya magurudumu na kupotelea tumboni mwa kitu. Nikainua jani moja, taa ikanikodolea jicho. Lilikuwa jipi la jeshi, kijani iliyofifia, mabaki ya ile vita ya mpakani ambayo mimi nimeikuta kwenye masimulizi tu. Gosbert alikuwa amelinunua ujanani kwenye mnada wa magari machakavu. Alibebea watu kahawa kutoka Ngenge, akawahisha wagonjwa hospitali Rubya, kisha likamfia, akalisukumia bandani, akaenda kutafuta maisha. Akamwambia mama yake, "Mama, nitunzie gari, nakuja." Bibi alinisimulia maneno hayo mara nyingi tukiwa tunamenya ndizi, na kila mara aliyasema kwa sauti ya kijana mwenye haraka, mguu mmoja tayari uko nje ya mlango. Basi akatunza. Kila Krismasi na kila Pasaka, akimaliza kutandika sebuleni, mzigo wa mwisho wa nyasi aliupeleka bandani, maana gari nalo lilikuwa la nyumbani na lilikuwa linamngoja mtu. Chini yake hakuweza kufagia, mgongo ulikataa. Kwa hiyo mpya zililazwa juu ya za zamani, akizisukumia ndani kwa mti mpaka zishibe. Alianza kufanya hivyo kabla mimi sijazaliwa.

Masika yalipokuwa yanaisha, Gosbert akapiga simu kwa jirani: Krismasi hii anakuja. Bibi alimrudishia jirani simu yake kwa mikono miwili, akasema, "Kasinge, waitu," akamshukuru hivyo mara tatu nne, akaingia ndani, akakaa chini kwenye nyasi wakati kiti kipo. Mimi nikaanza kurukaruka. "Tutampokea uwanja wa ndege Bukoba," nikasema, "tena kwa gari lake." Nilisema tu, mimi ni mtu wa kusema vitu. Bibi akainua uso, akanitazama kwa muda. "Kwa gari lake," akarudia. "Ashuke kwenye ndege alikute linamngoja. Aone nilimsikia." Kuanzia hapo hakutaka kitu kingine duniani. Bati la jikoni lilikuwa linavuja, akasema lisubiri. Kahawa yote ya msimu ule iliingia kwenye lile gari.

Fundi Sadiki tulielekezwa na dereva wa basi la Bukoba. Babu yake alikuja zamani kutoka pwani, yeye akazaliwa na kukulia mjini Bukoba, na magari ya kale ndiyo yalikuwa ugonjwa wake. Alifika Jumapili, tukaondoa majani ya juu, akalizunguka gari, kofia imerudi kisogoni.

"Mama, hili gari au ndizi mlikuwa mnavundika?"

"Unaweza au huwezi?" Bibi akamuuliza.

"Nyie Wahaya mna mambo. Hata jina langu hujaniuliza."

"Nitakuuliza likinguruma."

Fundi alicheka mpaka akashika boneti. Akasema kwanza tujue kama moyo unapiga, habari za miguu baadaye. Tairi zilikuwa zimekwisha pumzi, gari limejizamia kwenye nyasi zake kama kuku anayeatamia, kwa hiyo injini aliifanyia kazi kutoka juu. Ilikuwa imeshika, haizunguki hata kwa hendeli. Alifungua plagi, akamimina mafuta kwenye matundu, akasema tuiache inywe taratibu, akarudi mjini. Akawa anakuja kila alipopata nafasi, na mimi nikawa mshika spana wake. Niliosha kabureta kwa mswaki wangu wa zamani. Nilijua waya wa stata na waya wa dainamo. Akienda kuswali, mimi napanda kwenye usukani, nashika gia, naita abiria: "Rubya, Rubya, Kamachumu, Bukoba, bado wawili." Nilishapanga yote kichwani. Gosbert akishapokelewa ataniachia gari, nitabeba wajawazito kwenda hospitali bila kuwatesa kwenye pikipiki, na ubavuni nitaandika jina la Bibi kwa rangi nyeupe. Siku moja Fundi alinikuta katikati ya safari.

"Nshomile wa divisheni ziro," akaniambia, maana ndivyo wanavyotutania Wahaya kwa kujifanya wasomi, "shuka unishikie tochi."

"Ni divisheni four, Fundi."

"Basi shuka kwa heshima zako."

Bibi alikuwa anatusikia kutoka jikoni. Yeye alikuwa Mkatoliki wa misa ya alfajiri, lakini siku za Fundi kuku hakuguswa mpaka Fundi mwenyewe amchinje. Kuku alifungwa mguu kwenye nguzo ya banda kuanzia asubuhi, akituangalia tunavyofungua nati. "Mswahili wangu," Bibi aliita, "acha chuma, njoo umsomee kuku wako." Tulikula sebuleni, ndizi zimeiva laini kwenye majani yake, mchuzi bakuli moja, Fundi kakunja miguu kwenye nyasi akisema kwa chakula hiki angeweza kubadili kabila. Bibi alimjibu kwamba kabila lenyewe lina masharti, atafanyiwa usaili kwanza. Nikikumbuka milo ile naona kwamba mwaka ule Bibi alikuwa na watoto wawili wa kuwapakulia, na hakuna kati yetu aliyelijua jambo hilo kwa wakati wake.

Gari lilinguruma msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ulipoanza. Lilikohoa, likatema moshi mweusi, likazima, Fundi akalitukana kwa upole, akazungusha hendeli tena, na safari hii likashika. Kuku waliruka hadi juu ya bati. Majirani walitoka vibanjani na majembe mikononi. Bibi alikuja na mkono uliojaa unga, akauweka juu ya boneti, akauacha pale unatetemeka pamoja na chuma, akasema kwa Kihaya kitu ambacho hakikuwa cha kwetu, kilikuwa cha Gosbert. Kisha akamgeukia Fundi: "Sasa niambie, unaitwa nani?" Nadhani ndiyo siku ya furaha kuliko zote nilizowahi kuona mtu mzima akiwa nayo. Niliiona kwa karibu, mkono wake ulikuwa kando ya wangu.

Aliporudi Fundi na tairi, ndipo alipopiga jeki, akazichimbua nyasi kwa uma wa shamba. Zile za juu zilikuwa kavu, za katikati kahawia, na za chini kabisa zilikuwa nyeusi, zinatoka kama mbolea, na maji yanachuruzika. Akaingia chini. Ngi, ngi, ngi, pu. Alipotoka alikaa na kujifuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Injini hii inafika Mwanza," akasema kwa sauti ya chini. "Fremu haifiki pale kwenye mgomba."

"Si utachomelea, Fundi? Rubya kuna mtu ana mashine."

"Nichomelee nini, Koku? Ni biskuti. Nyasi zimekaa na maji kwenye hiki chuma miaka yote. Lingekaa juu ya mawe makavu tungekuwa tunaongea mengine." Akatazama mlangoni. "Mama asijue ni nyasi. Tuseme barabara mbaya. Tuseme polisi hawataliruhusu."

Tukakubaliana. Lakini Bibi hakuwa mtu wa kudanganywa kwa habari za barabara. Alisikiliza, mimi nikiongea haraka na Fundi akiangalia miguu yake, kisha akaomba aonyeshwe. Nilimsaidia kupiga magoti. Aliingiza mkono chini ya gari, vidole vikapita kwenye chuma kana kwamba hakipo, na alipoutoa alikuwa ameshika shada la nyasi nyeusi na vipande vya kutu. Akazitambua. Mtu aliyekata nyasi maisha yake yote anazijua hata zikioza.

"Nyasi zangu," akasema.

Akamgeukia Fundi.

"Mswahili wangu, niambie. Ningeacha chini patupu, lingepona?"

"Hapana, Mama," Fundi akasema mara moja, na bado namheshimu kwa ile mara moja yake. "Lile lilikuwa chuma cha vita. Lilikuja hapa limeshachoka. Wewe umeliongezea miaka ambayo halikuwa nayo."

Bibi akamtazama. "Mwongo wewe," akasema bila ukali. "Nenda kanawe, chakula kinapoa." Tulikula, akatupakulia kama kawaida, akamwongezea Fundi mchuzi. Yeye alikaa kwenye kiti siku hiyo, miguu ameiinua kidogo, hakutaka kukanyaga.

Kilichobaki ni kwamba linaweza kunguruma. Basi Bibi akasema kama haliwezi kwenda Bukoba, Gosbert alisikie akiwa bado njiani anaingia. Tulilisukuma kwa uangalifu mpaka uani, likatazama njia, na mchana wa mkesha wa Krismasi Fundi aliwasha, akaniweka kwenye usukani nishikilie mafuta lisizime, akaondoka kuwahi basi. Bibi alisimama kando ya taa ya mbele na kitenge kipya, mkononi kijikapu cha kahawa ya kutafuna ya kumkaribishia mwanawe. Teksi ya Bukoba ikaingia. Akashuka mwanamume mnene mwenye mvi, amechoka kwa safari, miwani, mikono imejaa mifuko ya zawadi. Akamkumbatia mama yake, akalia, nami nikalia huko nilikokuwa nikikanyaga mafuta. Kisha akaweka kidole sikioni.

"Mama, waambie wazime hilo lidude, hatusikilizani."

Nikazima. Nikalitia gia namba moja kama Fundi alivyonielekeza, nikashuka.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Alileta mablanketi, alileta dawa za magoti, siku ya tatu akaleta fundi wa kuziba bati la jikoni. Gari alilizunguka mara moja akitabasamu kama mtu anayeona picha yake ya shule. Usiku wa sikukuu, nikiwa naosha vyombo mlangoni, niliwasikia sebuleni.

"Lakini mlilitunza la nini, Mama? Mimi nilijua liliuzwa zamani."

"Uliniambia nikutunzie."

"Mimi?"

"Ulisimama hapo mlangoni. Ukasema, Mama, nitunzie gari, nakuja."

Akafikiri kweli. Nilimsikia akitafuta. "Pengine nilisema," akajibu kwa upole. "Hayo ni maneno ya kuondokea tu, Mama. Mtu akiondoka husema chochote." Bibi akasema, "Ndiyo, baba, ni kweli." Akamuuliza kama anataka chai nyingine. Kahawa ya kutafuna aliyompa alipofika niliikuta kwenye meza asubuhi, punje zote, Gosbert amezipanga mstari bila kujua, kama watu wanavyofanya wakiwa na mawazo.

Nimekuwa nikisikia maneno ya kuondokea tangu hapo. Mteja ananiambia, "Kesho nakuja kula hapahapa," namwitikia, naye hatokei, na sina kinyongo naye. Mimi mwenyewe nilimwambia Bibi nilipohamia Nyanga kwamba nitapanda kumwona kila mwezi. Nilijitahidi. Lakini ndani ya kifua changu kuna mtu anayesema maneno asiyoyaamini, na kuna mwingine, Bibi, anayetandika. Sijui yupi aliishi vizuri zaidi.

Gosbert alirudi Afrika Kusini kabla ya mwaka mpya. Kabla hajaondoka alizungumza na wanunuzi wa chuma chakavu waje walichukue gari, ili mama yake apate banda la kuwekea kahawa, jambo la busara kabisa, na Bibi alimshukuru. Walipopiga simu kwamba wako njiani, Bibi alikunja kanga, akaingia chumbani, akajifungia kati ya magunia. "Utaniambia wakishaondoka," alisema nyuma ya mlango. Nikabaki uani peke yangu. Lori lilikuwa limeanza kupanda mlima, nalisikia likibadili gia kule chini. Nikafikiri habari ya vijana wa lori watakaolisukuma lile jipi: breki ya mkono ilikuwa haifanyi kazi, kwa hiyo nilikuwa nimeliacha kwenye gia namba moja na jiwe chini ya tairi. Wasipojua watalivuta hivyohivyo, injini itagoma na kulia, na fremu itakatikia palepale, chini ya dirisha la Bibi.

Nikapanda. Nikakanyaga klachi hadi mwisho, nikashika gia kwa mikono miwili, nikaivuta taratibu mpaka nikaisikia imelegea, ikawa inacheza kushoto na kulia bila kushika kitu. Nikaijaribu mara ya pili ili niwe na hakika. Kisha nikashuka, nikauegemeza mlango kwa kiganja, nikaubana kidogo kidogo mpaka ukaingia mahali pake bila kutoa sauti.